Hereni za Ng'ombe Dimani

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, kisha unaingia Kibiti. Dimani ni moja ya kata za wilaya hiyo, mkoani Pwani. Kwa watu wa pwani dimani ni majira pia. Ni wakati upepo wa kusi unapopungua, kabla ya mvua za vuli. Wakati huo nyasi zimekauka. Wafugaji huteremsha ng'ombe bondeni kutafuta majani na maji ya mto Rufiji.

Zamani ng'ombe walikuwa wachache huku. Watu walilima mpunga, mihogo, korosho na minazi. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbeya. Wengi walikuja Rufiji na Lindi pamoja na mifugo yao. Tangu hapo ugomvi umetokea mara nyingi, na watu wameumia. Ng'ombe huingia shambani usiku. Asubuhi mkulima anakuta kwato na mabua.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Si wangu," kila mfugaji anajibu.

Basi mkulima anawakasirikia wafugaji wote. Hata yule ambaye ng'ombe wake walilala zizini anachukiwa bure.

Wafugaji wana alama zao. Wengine hukata sikio la ng'ombe. Wengine humchoma kwa chuma cha moto, na ngozi yake hupungua bei. Mwenye ng'ombe anaijua alama yake, lakini mkulima haijui. Tena sikio lililokatwa, mwizi anaweza kulikata upya.

Hereni ina namba. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Tarehe 16 Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo nchi nzima. Ilitangazwa kwamba hereni ni bure.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ng'ombe huingizwa kwenye kibanio. Bwana mifugo husafisha sikio, kisha hutafuta mahali katikati, pasipo na mshipa mkubwa. Koleo hubana mara moja tu. Akitoboa karibu na ukingo, ng'ombe atanasa kichakani na sikio litachanika. Kidonda kitazamwe kila siku mpaka kipone, maana inzi wakitaga hapo, funza wataingia. Hata simbilisi, mnyama mdogo kuliko sungura anayefugwa huko Njombe, anaweza kuvishwa hereni ndogo ya bati ili mfugaji ajue huyu ni mtoto wa nani.

Namba ya ng'ombe huandikwa pamoja na jina la mwenyewe. Mkulima akimkamata ng'ombe katika mpunga wake, anaisoma namba mwenyewe na kuipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Namba haitaji kabila. Inamtaja mtu mmoja, naye ndiye atakayeulizwa habari ya mpunga.

Lakini hereni haimzuii ng'ombe kuingia shambani. Na kundi likiondoka kabla hakujapambazuka, hakuna wa kuisoma namba. Tena ndama aliyezaliwa baada ya bwana mifugo kuondoka hana hereni, naye mpunga anaula.