Jiwe la Kolo na Wageni wa Nchi ya Kati

Mgeni atokaye ng'ambo kuja kuitazama Tanzania aghalabu huwa amekwisha kuipanga njia yake kabla ya kupanda ndege. Atakwenda Arusha, aone Serengeti na Ngorongoro. Akiwa na nguvu za miguu ataupanda mlima Kilimanjaro. Kisha atashuka Unguja kuoga baharini na kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Nchi iliyo katikati, yaani Ugogo na Irangi na Usandawe, huiona kwa dirisha la ndege, kama huiona. Hatuwalaumu wageni hao, maana wafuata walivyoambiwa. Lakini twasikitika tunaposikia wenyeji wenyewe, watu waliozaliwa chini ya mibuyu hii, wakiulizwa, "Je, kwenu kuna nini cha kutazama?" nao hujibu upesi, "Hapa hapana kitu, bwana, ni ukame tu." Sisi tufundishao katika shule ya kijiji kimoja upande wa Dodoma tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, nasi hatuyakubali.

Zamani hapakuwa na mgeni aliyeweza kupita Ugogo bila kusimama. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, na ng'ambo ya pili ilikuwa ikingojewa na pori la Mgunda Mkali. Katikati ndiko kulikokuwa na visima, na watu, na nafaka. Kwa hiyo watemi wa Kigogo walitoza hongo ya nguo na shanga. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871, nao walinung'unika sana kwa ajili ya hongo hiyo. Sisi twaona si ajabu. Mtu akichimba kisima katika nchi ya kiu, kisha akaja mwingine na wapagazi kwa mamia wakanywa mpaka matope yakaonekana, ni haki alipe. Siku hizi mgeni hulipa kiingilio katika lango la hifadhi wala haiti hongo.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 misafara ya miguu ilikoma, na tangu hapo wageni wakazoea kupita wamekaa. Tangu mwaka 2024 liko garimoshi la umeme litokalo Dar es Salaam, nalo hufika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne. Safari ambayo wazee wetu waliihesabu kwa majuma, mtu huimaliza kabla ya kuona njaa. Basi udhuru wa umbali umekwisha.

Habari za mji wa Dodoma hatutazirefusha, maana wengi wenu mmeufikia. Neno la kuufanya makao makuu lilikatwa mwaka 1973. Bunge lilianza kukutana huko mwaka 1996. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 ukaitwa jiji. Jina lake, wazee husema, latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa kuwa tembo alikwenda kunywa maji akadidimia matopeni. Wengine huhadithia kwamba watu waliiba ng'ombe wakawala, wakachomeka mikia ardhini, na wenye ng'ombe walipofika wakaambiwa, "Tazameni, wamezama!" Sisi hadithi hii ya pili twaipenda zaidi, ingawa haitupi sifa njema. Mgeni aweza kulitazama jengo la Bunge, na msikiti mkubwa wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, na makanisa ya zamani. Lakini kama ana siku moja tu, na iwe Jumamosi, aende mnada wa Msalato. Huko atawaona ng'ombe, na wachungaji na fimbo zao, na nyama ikichomwa, na wazee wakisalimiana "Mbukwenyi" mkono kwa mkono bila haraka. Msimu ukiwa umewadia atakula zabibu, ambazo katika nchi hii ya ukame huvunwa mara mbili kwa mwaka. Na akikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, asikatae.

Upande wa mashariki ziko Mpwapwa na Kongwa. Mpwapwa wamisionari wa CMS walifika mwaka 1876. Kongwa ina habari nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga huko, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ili kung'oa vichaka na mibuyu. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa katika hesabu zao. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kupotea. Kama mabwana hao wangaliwauliza bibi zetu, wangaliambiwa bure. Baadaye, katika miaka ya 1960, Kongwa ilipokea wageni wa namna nyingine, wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Angola na Afrika Kusini, ambao walikuwa na kambi zao huko. Mahali pengine pangekuwa na watu wa kuyaeleza haya kila siku kwa kila apitaye.

Walakini jambo hasa lililotufanya tushike kalamu ni Kolo.

Kolo ni kijiji cha Irangi, kaskazini ya mji wa Kondoa, kilometa 180 hivi kutoka Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Katika vilima vya nchi hiyo mna miamba mikubwa yenye kivuli kama mapango, na juu ya miamba watu wa kale walichora picha. Mapango yenye picha yakisiwa kuwa kati ya 150 na 450, katika eneo la kilometa za mraba 2,336, na mwaka 2006 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia. Orodha hiyo ndiyo iliyo na Serengeti na Mji Mkongwe. Basi tunacho kitu kilichowekwa pamoja na hivyo, nasi twasema hapana kitu.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tuliazimu kuwapeleka watoto wa darasa la sita. Nauli ilipatikana kwa kuuza mbuzi wawili wa shule na kwa michango. Kabla ya kuondoka, wazazi kadhaa walitujia jioni. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alisema, "Mwalimu, twasikia mahali pale ni pa mizimu. Sisi tuliacha mambo hayo tulipobatizwa, nanyi mwataka kuwarudisha watoto wetu huko?" Tulimjibu, "Mzee wetu, hatuendi kuomba, twaenda kutazama. Mtume Paulo alipita Athene akazitazama ibada zao zote, wala hakupoteza imani." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Paulo alikuwa mtu mzima." Neno lake lilikuwa na uzito, nasi hatukulidharau. Baba wawili waliwazuia watoto wao, wala hatukuwashurutisha. Yule mzee mwenyewe alimruhusu mjukuu wake.

Njiani tuliwaonyesha watoto vilima vya Kondoa. Nchi hiyo ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha, maana udongo ulichukuliwa na maji kila mvua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango ulioitwa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi, yenye zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Lilikuwa jambo chungu kwa wenye ng'ombe. Lakini majani yalirudi, na miti, na makorongo mengi sasa yamevikwa kijani. Watoto wetu, ambao ni watoto wa wafugaji, walibishana jambo hilo ndani ya gari mpaka Kolo, wala hawakupatana.

Kolo tulipewa kijana wa Kirangi atuongoze, tukapanda kwa miguu mpaka mahali paitwapo Mongomi wa Kolo. Mwanzoni watoto hawakuona kitu. Waliona jiwe tu. Wa kwanza kuona twiga alikuwa mtoto ambaye katika hesabu huwa wa mwisho darasani. Macho yake yamezoea kutafuta mbuzi kati ya mawe. Kisha wote wakaona. Picha za kale zaidi ni nyekundu, za mistari myembamba, zilizochorwa kwa mkono wa mtu asiyetetemeka. Yupo pofu, yupo tembo, tena wapo watu warefu wembamba, vichwa vyao vikubwa kama vyenye nywele nyingi au mapambo. Nyingine ni nyeupe na nene, nazo ni za watu waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji. Kazi hiyo ilifanywa kwa muda wa miaka 2,000 au zaidi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa katika nchi hiyo akizinakili, na mwaka 1983 akatoa kitabu chake. Iko picha moja ya watu watano, wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Yeye aliona kwamba ni mwanamke anayenyang'aniwa. Wengine husema ni ngoma ya uganga, kama zile za Wasandawe, majirani wa nchi hiyo, ambao katika lugha yao mna sauti za kudonoa kwa ulimi. Watoto walisema ni mchezo. Hatukuwakatalia.

Kijana alituonyesha na mengine. Palikuwa na mashimo, maana watu huja usiku kuchimba, wakiamini kwamba Wajerumani waliacha mali chini ya miamba. Palikuwa na alama za maji yaliyomwagwa ili rangi ing'ae ipate kuonekana vizuri, na kila maji yakimwagwa rangi hupungua. Tena palikuwa na majina yaliyokwaruzwa juu ya jiwe. Mwanafunzi mmoja alisoma jina kwa sauti, kisha akanyamaza.

Tuliposhuka tulimkuta babu mmoja amekaa chini ya mti, tukamwamkia. Alitueleza kwamba baba zake walikwenda juu ya kilima kile mvua ilipokataa, wakachinja mbuzi na kumwaga pombe, na kwamba wako waendao hata leo. Hapo ndipo penye shauri gumu. Wenye kutunza mambo ya kale huogopa pombe na mafuta yatazifuta picha. Wazee nao huogopa kwamba wakizuiwa, jiwe halitakuwa lao tena, litakuwa la wageni na la tiketi.

Sisi ni Wakristo. Mvua twaiomba kanisani, wala hatuendi Mongomi kuiomba. Lakini hatuwezi kukubali wazee wale wafukuzwe kama wezi. Kabla hajawako mlinzi wa serikali hata mmoja, ni hofu na heshima yao iliyolilinda jiwe lile, hata mtoto asithubutu kulichezea. Aliyekwaruza jina lake kwa msumari hakuwa mzee wa matambiko. Alikuwa mtu ajuaye kuandika, mwenye shule, kama sisi. Twaona yafaa watunzaji wakae na wazee hao, wapatane mahali pa kumwaga pombe pasipo na picha, na sehemu ya fedha za wageni ionekane wazi katika vijiji vilivyo chini ya kilima, katika kisima au darasa. Siku ile wageni wa ng'ambo tuliowakuta walikuwa wawili tu, na kijana alituambia kwamba huweza kupita siku nyingi bila mtu. Mali haiwezi kuonekana hapo kwa wageni wawili. Lakini wakija wengi kabla ya mapatano, itakuwa vibaya zaidi.

Mtu atakaye kwenda na aende wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, maana mvua zikianza Desemba njia za vilimani huwa utelezi. Nyumba za kulala wageni ziko mjini Kondoa. Apite kwanza ofisini Kolo achukue kiongozi. Asiguse picha, asizimwagie maji, wala asiwashe moto chini ya mwamba.

Watoto waliporudi walichora pofu na twiga kwa udongo mwekundu juu ya karatasi, nasi tukazibandika ukutani darasani. Yule mzee wa kanisa alikuja kuzitazama. Alisimama mbele yake muda mrefu, akauliza ni watu gani waliochora zile za asili. Tukamwambia jina halikubaki. Akasema, "Na huyu wa katikati anayevutwa, alipona?"

Mwaka huu, Mungu akipenda, twataka kwenda Kilimatinde, mahali nchi inapoanguka ghafula katika Bonde la Ufa, na mtu akisimama juu huziona mbuga za Bahi zimetandazwa chini yake. Watoto wamekwisha anza kuweka akiba ya nauli, na mmoja wa baba wale wawili ameuliza tutaondoka siku gani.