Ndama Waliolikizwa Januari

Huko vihambani Kilimanjaro, enzi za bibi zetu, mwenye maziwa alikuwa ndama. Ng'ombe wa asili, wale wafupi wenye nundu, hawakuteremsha maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Bibi alimwacha avute chuchu zote nne, akamfunga karibu na mguu wa mbele wa mama yake ili alambwe, akakamua, kisha akamfungulia amalizie. Kibuyu kilifika nusu, siku nyingine robo, na hakuna aliyeona kwamba ndama ametuibia.

Kumlikiza hakukuwa na tarehe. Bibi alitazama kama ndama anacheua vizuri alasiri, na kama anayasogelea mwenyewe maganda ya ndizi, majani mateke na machicha ya mbege. Mara nyingi ng'ombe ndiye aliyekata shauri: mimba ilipokua alimpiga ndama teke, na mambo yakaishia hapo.

Kisha wakaja ng'ombe wa kisasa, Friziani na machotara wake, wengi kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Hawa walikamuliwa bila ndama kuwapo, na maziwa yao yalikuwa na mnunuzi kila asubuhi. Ndama alitengwa siku chache baada ya dang'a, akafundishwa kunywa kwenye ndoo. Kazi hiyo ilikuwa yetu watoto. Unachovya vidole kwenye maziwa, unamtia mdomoni, anavinyonya kwa ule ulimi wa mkwaruzo, nawe unakishusha kichwa chake taratibu mpaka pua iguse maziwa. Nilizipenda asubuhi zile kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumbani.

Lakini kila lita ya ndoo ile ilikuwa imetoka kwenye dumu la kuuza. Ada, sare na madaftari vyote vilitazama dumu hilo, kwa hiyo shule zilipokaribia kufunguliwa, ndama alilikizwa. Awe na wiki nane au tano, Januari ni Januari. Jana alikunywa asubuhi na jioni, leo anawekewa mabingobingo yaliyokomaa na vipande vya mgomba.

Miezi miwili baadaye ungemwona: tumbo limening'inia, mabega yamechongoka, manyoya yamesimama na kupauka. Wengine walisema ni minyoo, naye akanyweshwa dawa. Wengine walisema ni jicho la mtu. Sababu ilikuwa ndani ya lile tumbo kubwa.

Ndama huzaliwa na vyumba vinne vya tumbo kama mama yake, ila kinachofanya kazi ni cha nne tu. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja mpaka humo. Tumbo la kucheulia bado ni dogo na laini. Ili liweze kazi, ukuta wake wa ndani lazima uote vinyama vidogo vidogo, kama taulo, vya kufyonzea chakula, na vinyama hivyo huota kwa asidi zinazotokana na nafaka inapochachuka. Majani hulipanua tumbo lakini huchangia kidogo sana kuviotesha. Maji nayo ni lazima, kwa kuwa maziwa hayaingii chumba hicho, na uchachu haufanyiki pakavu. Ndama wetu walipewa majani magumu wakati tumbo halijawa tayari, na maji ya kunywa hakuna aliyeyakumbuka, kwani si walikuwa wanapata maziwa? Walishiba wakakonda.

Leo binti wa kaka yangu anafuga kwenye kihamba kilekile, ingawa kimegawanywa mara mbili na sehemu kubwa ya malisho inapandishwa kutoka tambarare kwa gari. Ndama wake ana ndoo ya maji tangu wiki ya kwanza, na kiganja cha chakula cha ndama: mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, soya kidogo na madini. Hahesabu wiki peke yake. Anapima kilichobaki kwenye chombo, na ndama akimaliza karibu kilo moja kwa siku tatu mfululizo, ndipo anapunguza maziwa, kwanza ya jioni, kisha ya asubuhi, pole kwa pole kwa wiki nzima au zaidi. Siku hizo hamkati pembe wala hamhamishi banda. Jambo moja zito linamtosha. Bibi asingehitaji kuelezwa kwa nini. Waliokosa ni ndama wa katikati, waliozaliwa baada ya jicho la bibi na kabla ya kipimo cha binti huyu.

Hesabu yake inauma. Kumwongezea ndama wiki nne za maziwa, lita nne kwa siku, ni lita 112. Ng'ombe wa lita nane kwa siku huzirudisha kwa wiki mbili. Mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kuzaa akiwa na miezi 24 mpaka 27. Wetu walifika mwaka wa nne ndipo wanazaa, na miaka yote hiyo walikula majani bila kutoa hata kikombe.

Linaloniuma zaidi ni ndama wa deni. Mtamba wa kwanza kuzaliwa hakuwa wetu: alipaswa kwenda kwa jirani aliyekuwa kwenye zamu, mara nyingi mjane au kaya isiyowahi kuwa na ng'ombe. Naye alilikizwa Januari kama wengine. Jirani alikuja na kamba mpya, akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka na mnyama mwenye tumbo kubwa na mabega makavu. Watoto wake nao walikuwa wanasubiri ada, na maziwa ya kuilipa yalikuwa mbali kwa miaka mitatu.