Je, samaki aliyekauka hakunjiki?

Kila tunapozungumza juu ya kuluna, hakosi mwenzetu wa kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Maana yake twaijua: aliyefungwa mara tatu amekwisha kukauka, usipoteze nguvu zako. Methali hiyo naiheshimu katika malezi ya watoto. Kwa wahalifu waliozoea naikataa, na sababu yangu inatoka Monrovia.

Katika mji huo mkuu wa Liberia, miaka michache baada ya vita kwisha mwaka 2003, watafiti walikusanya wanaume 999 waliozoea wizi, ugomvi na biashara ya dawa za kulevya. Kwa kura waligawanywa katika mafungu manne. Fungu moja lilipata matibabu ya nafsi kwa majuma 8, la pili dolari 200, la tatu vyote viwili, na la nne halikupata kitu.

Matibabu yenyewe hayakuwa vidonge wala kulala kitandani mbele ya daktari. Watu wapatao 20 walikaa pamoja, wakiongozwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wamepitia maisha yale yale. Walijifunza kuituliza hasira kabla haijafika mkononi. Walinyoa nywele, wakavaa nguo safi, kisha wakatumwa kuingia benki au dukani na kuuliza jambo kwa adabu. Hapo ndipo ninaposimama kila mara: mtu aliyezoea kufukuzwa mlangoni anajaribu, kwa siku moja, kuwa mteja.

Baada ya mwaka mmoja, waliopata mafundisho peke yake walianza kurudi nyuma. Fedha peke yake nazo hazikudumisha badiliko. Waliopata vyote viwili walisimama. Na miaka 10 baadaye, wizi na ujeuri wao ulikuwa pungufu kwa karibu nusu, ukilinganishwa na wale wasiopata kitu. Wala si kwamba walitajirika. Biashara zao ndogo nyingi zilikufa, lakini ziliwapa miezi kadhaa ya kuyazoea maisha mapya bila kulala njaa.

Nusu si wote, nakubali. Tena si kila matibabu yanafaa: huko Uingereza, mafunzo ya vikundi kwa waliofungwa kwa makosa ya ngono yaliachwa mwaka 2017, baada ya kuonekana kwamba walioyapitia walirudia kosa kidogo zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo yatupasa kuuliza ni matibabu gani, kwa nani, na yanaambatana na nini.

Nayasema haya kwa kuwa katika nchi yetu swali hili limekuwa la uhai na kifo. Tarehe 13 Machi 2024 serikali iliondoa zuio lililodumu tangu mwaka 2003 juu ya kutekeleza hukumu ya kifo, na ujambazi wa mijini ulitajwa miongoni mwa sababu. Wengine wamepelekwa Kaniama-Kasese kufundishwa kilimo na ufundi, jambo ambalo kwangu lina nusu ya dawa. Na gereza la Makala, lililojengwa kwa watu 1,500, limebeba maelfu zaidi. Humo kijana aliyeiba simu analala bega kwa bega na aliyezoea panga. Majuma 8 yakipita, ni nani kati ya hao atakuwa amemfundisha mwenzake?