Kutoka Musinzira Hadi Ziwani: Mwendo wa Mashua na Nidhamu ya Maji

Mtoto azaliwaye Musinzira, mjini Gitega, hukua akitazama vilima. Mji huo, uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, umekaa katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ayajuayo mtoto huyo ni ya bomba, ya kijito cha bondeni na ya mvua ipigayo juu ya bati. Kwa hiyo familia ya askari mmoja wa mtaa huo ilipokata shauri kutumia siku ya likizo kutazama michezo ya majini Bujumbura, watoto watatu walikesha kwa furaha. Mama yao naye alikesha, ila kwa sababu nyingine: katika nyumba ile hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea.

Safari yenyewe ni ya kilomita zipatazo 100. Gari hupita Muramvya, hupanda hadi Bugarama kwenye baridi na soko la mboga, kisha huanza kuteremka kona baada ya kona. Masweta huvuliwa, joto huingia madirishani, na ghafla ziwa huonekana chini, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Hilo ndilo Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673 na kina kifikacho mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal la Urusi tu lililizidi kwa kina.

Ufuo wa Bujumbura una historia ndefu ya michezo ya majini. Klabu iitwayo Cercle Nautique, karibu na bandari, ilijulikana kwa miaka mingi kwa mashua zake, na kwa baraza ambako watu waliketi jioni wakiwatazama viboko wakiibuka na kuzama. Lakini ziwa halimpi mtu hati ya kudumu. Mwaka 2024 maji yalifurika, yakaingia bandarini, katika majengo ya ufuoni na katika nyumba za watu wa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo.

Mashua za kasi si jambo geni katika maji hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta mbili, Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni ya paka na mbwa. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa katika treni, kisha zikaburutwa kwenye misitu na milima ya Kongo kwa mashine za mvuke na maksai. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani kwa dakika chache tu. Kasi ilisaidia, naam. Lakini kabla ya dakika hizo ilikuwapo miezi ya matayarisho.

Mbio za mashua nazo ni vivyo hivyo. Mtazamaji huona povu na kusikia ngurumo, akadhani ni ushujaa mtupu. La hasha! Njia huwekewa maboya, na mashua za uokozi husimama tayari. Dereva huvaa kofia ngumu na jaketi okozi. Katika mashua nyingi hujifunga pia kamba fupi iliyounganishwa na swichi ya injini, ili akitupwa nje injini izimike palepale, mashua isije ikamrudia. Mashua iendayo kwa kasi hugusa maji kidogo sana. Upepo ukipenya chini ya omo huweza kuipindua kama jani. Ndivyo alivyofariki Mwingereza Donald Campbell, bingwa wa mwendo wa majini, katika ziwa Coniston tarehe 4 Januari 1967, akiwa anapita kilomita 480 kwa saa.

Askari wa Musinzira na jamaa yake walipofika ufuoni, kijana mmoja mwenye boti ya kukodi aliwakaribisha. Bei ilikuwa nafuu. Lakini majaketi yalikuwa manne, yote ya watu wazima, na wao walikuwa watano. Mtoto mdogo alipovishwa moja, lilimteleza mpaka magotini.

"Mzee, ni mzunguko mmoja tu," kijana alisema. "Maji yametulia."

Watoto walimtazama baba yao. Watu wengine kwenye foleni nao walimtazama. Mtu aliyezoea kuamrisha wenzake alishikwa na haya ya kuonekana mwoga mbele ya wanawe. Mkewe akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, aibu hii itakwisha kabla hatujafika Bugarama."

Baba akarudisha majaketi. Kifungua mimba alilia kwa hasira, na kwa muda mrefu hakutaka kusema na mtu. Walikaa kivulini, wakala samaki wa kuchoma na ndizi, wakahesabu mashua. Alasiri upepo ulianza kuvuma kutoka kusini, kama uvumavyo mara nyingi wakati wa kiangazi, na mawimbi yakainuka. Boti ile ilirejea salama, ila abiria wake walikuwa wamelowa chapachapa, wameshikana mikono, wala hapakuwa na aliyecheka. Kifungua mimba aliwatazama wakishuka, akasogea karibu na baba yake bila kusema neno.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi kabla ya kuzivua, mzazi na aulize mambo matatu: je, kila mmoja ana jaketi limwenealo? Upepo unaelekea wapi? Na wenye ufuo wanasemaje juu ya viboko na mamba? Jibu lisiporidhisha, ziwa litazamwe kutoka nchi kavu.

Jioni, gari lilipokuwa likipanda kurudi Gitega, mtoto mdogo aliuliza ni lini watarudi tena.

"Tutakapojua kuogelea," baba alijibu. "Na nitaanza mimi."