Nyumba ya Umma

Ndugu msomaji, ukitaja baa mbele ya familia nyingi za mijini kwetu utaona nyuso zikikunjamana. Mama atakumbuka mshahara ulioishia mezani kabla haujafika nyumbani, na watoto watakumbuka muziki uliowanyima usingizi usiku wa kuamkia mtihani. Sikusudii leo kuitetea pombe, wala sina haja ya kumshawishi asiyekunywa aanze. Nataka kukueleza habari za nyumba ya Waingereza iitwayo pabu, ambayo niliizoea kwa miezi michache nilipokuwa mafunzoni London, na ambayo hadi leo naikumbuka kuliko makumbusho na majumba ya kifalme niliyotembezwa huko.

Neno pabu ni ufupisho. Kwa kirefu maana yake ni nyumba ya umma. Na kweli ni nyumba. Asili yake ni sebule ya mtu aliyepika pombe na kuwakaribisha majirani, na hata leo wenye pabu wengi huishi orofani, juu ya kaunta zao. Ndiyo maana ndani utakuta mambo ya nyumbani: zulia lililochakaa, meko ya kuotea moto, picha za watu waliokufa zamani, na aghalabu mbwa aliyelala chini ya meza kana kwamba ndiye mlipa kodi. Dari ni ya chini, na mbao zimekuwa nyeusi kwa moshi wa sigara wa miaka na miaka, ingawa uvutaji ndani ya nyumba hizo ulipigwa marufuku mwaka 2006 huko Scotland na mwaka 2007 huko England.

Nje huning'inia kibao chenye picha. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru kila muuza pombe atundike alama mlangoni ili wakaguzi waijue nyumba yake, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, picha ilifaa kuliko maandishi. Hivyo utapita mitaani ukikutana na Simba Mwekundu, na Paa Mweupe, na Mwaloni wa Kifalme, jina linalokumbusha mti ambao Charles wa Pili alijificha ndani yake mwaka 1651 akiwakimbia askari wa Cromwell. Mimi nilijifunza historia ya Uingereza kwa vibao hivyo kuliko kwa vitabu.

Lakini uzuri wa pabu, nathubutu kusema, uko kwenye kaunta. Katika pabu ya asili hakuna mhudumu ajaye mezani kukuuliza utakunywa nini. Awe bwana mkubwa au mfagiaji wa barabara, kila mtu husimama kaunta, huagiza, hulipa palepale, na hubeba bilauri yake mwenyewe. Waingereza, ambao hujipanga mstari hata wakiwa wawili kituoni, hapa hawajipangi. Husogea tu kaunta kila mmoja kwa upande wake, na mgeni hudhani ni vurugu. La hasha! Mstari upo, ila umo vichwani mwao. Kila mmoja anajua nani alimtangulia na nani amemfuata.

Jioni moja ya mvua niliingia katika pabu iliyokuwa jirani na nilipopanga chumba. Nilikuwa nimemaliza majuma matatu katika mji ule bila ya mtu kunisemesha nje ya darasa. Ndani ya treni watu walikaa bega kwa bega kama mizigo, kila mmoja macho yake chini. Nikasimama kaunta. Mwenye pabu alipokuja upande wetu alimgeukia kwanza mzee mmoja mwenye koti lililolowa, mteja wake wa siku zote bila shaka, maana alikwisha kushika bilauri yake kabla ya kuulizwa. Mzee akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole gumba, akasema, "Huyu alitangulia." Basi. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nitarudi lini. Niliagiza maji ya machungwa, yeye akachukua bia yake, na kila mtu akaenda kukaa. Hata hivyo usiku ule niliandika barua ndefu nyumbani, ya kwanza isiyokuwa na malalamiko.

Baadaye nilisoma habari zilizonifanya niyapime upya maneno ya mzee yule. Maana umma huo, ndugu msomaji, haukuwa daima umma wote. Mwaka 1964 kijana mweusi, Paul Stephenson, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo dhidi ya kampuni ya mabasi ya Bristol iliyokataa kuajiri watu weusi, aliingia katika pabu moja ya mji huo. Akaambiwa atoke. Akakataa kutoka, polisi wakaitwa, akafikishwa mahakamani, na kesi ikatupwa. Mwaka uliofuata, 1965, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi mahali pa umma, pabu zikiwemo. Kabla ya hapo mwenye nyumba ya umma aliweza kumfukuza mtu kwa rangi yake na kurudi kupangusa bilauri.

Wanawake nao wana habari yao. Mtaa wa Fleet, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mtaa wa magazeti ya London, ulikuwa na baa moja ya mvinyo ambamo mwanamke hakuruhusiwa kuhudumiwa kaunta. Alitakiwa akaketi chumba cha nyuma, aletewe glasi yake kwa adabu, huku wanaume wakibadilishana habari za siku pale mbele. Mwanamke mwandishi wa habari alikosa kinywaji tu? Alikosa habari! Wanawake wawili, mmoja mwanasheria na mwingine mwandishi, walishtaki, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ikawapa haki.

Kuhusu bia yenyewe sitasema mengi. Ile ya asili huendelea kuchacha ndani ya pipa huko chini ya sakafu, huvutwa juu kwa mkono wa pampu, na hunywewa ikiwa na ubaridi wa kisima, si wa barafu. Rafiki zangu wa Dar es Salaam wangeirudisha. Waingereza kwao ni jambo la imani, na mwaka 1971 waliunda chama cha kuitetea. Watu wakiwa wanne, kila mmoja hununua raundi kwa zamu yake, na anayekwepa zamu husengenywa kwa miaka. Jumapili mchana huja familia nzima kula nyama ya kuoka. Nimeona bibi, mama na mjukuu katika meza moja, na bilauri ya pombe ilikuwa moja tu.

Nyumba hizi zinapungua. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilionyesha mwaka 2018 kuwa zaidi ya 11,000 zilikuwa zimetoweka katika muda wa miaka 10. Kodi imepanda, bia ya dukani ni rahisi, na vijana wengi hawanywi. Tarehe 20 Machi 2020, kwa ajili ya korona, serikali iliamuru zote zifungwe, jambo ambalo hata mabomu ya Hitler hayakulileta.

Walakini katika kijiji cha Hesket Newmarket, kaskazini mwa England, wanakijiji waliposikia mwaka 2003 kuwa pabu yao ya Old Crown inauzwa, hawakungoja tajiri. Zaidi ya watu 100 walichangishana fedha, wakaunda ushirika, wakainunua. Sikubahatika kufika huko. Lakini msomaji aliyepata kukaa katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika atakisia mwenyewe ni saa ngapi huisha mkutano wa wanachama hao siku wanapojadili bei ya bia.