Ua la "Kizungu" la Kwetu

Hebu tazama dirishani kwako. Je, hapo pana kopo la ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya? Mamangu, hapa Mji wa Kale, alizawadiwa moja akalienzi kuliko vikombe vyake vya kahawa. Alipokwenda Lamu akaniachia mimi. Nami, kwa ujuaji wangu, nikalianika juani barazani. Siku nne tu, likafa. Nikasema, maua ya Kizungu hayawezi joto la Mombasa.

Kumbe ni la kwetu! Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyelipeleka kwao kutoka Tanga, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Sasa linauzwa madukani dunia nzima. Lakini aina moja, isiyopatikana penginepo, humea porini Kilifi, kwenye miamba ya chokaa yenye kivuli kama ya Cha Simba. Miti ikikatwa, mwamba hukauka, nalo hunyauka. Imo hatarini kutoweka kabisa.

Mama aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mwanangu, uliliweka juani?"