Masika yakigonga hodi, waipa zinaumbuka

Leo siongelei mapenzi wala nani kamwacha nani. Leo naongelea waipa. Tena wewe usiye na gari ndiyo usifunue ukurasa kabisa, maana kila ukipanda daladala siku ya mvua unaikabidhi roho yako kwa kipande cha mpira chembamba kuliko kidole chako cha mwisho.

Dar tuna mvua za aina mbili: masika, Machi mpaka Mei, na vuli, Oktoba mpaka Desemba. Hapo katikati ni jua na vumbi. Miezi yote hiyo waipa zinalala juu ya kioo zikikaangwa kama chipsi. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, unaanza kuchanika, na mwenye gari hajui kwa sababu hana shida nazo. Anapiga honi kila siku, redio anawasha kila siku, waipa mpaka Mungu alete mvua. Halafu wingu linatokea, matone ya kwanza yanadondoka, jamaa anawasha, na badala ya kioo kusafishika kinapakwa matope kuanzia kona mpaka kona. Aibu gani hiyo!

Siku hiyo mataa ya Morocco, Magomeni, Buguruni na Tazara yanabadilika sura. Kijana aliyekuuzia miwani ya jua jana, leo kabeba waipa begani kama mwindaji na mikuki yake. "Waipa bosi, waipa! Mvua hiyoo!" Jua likiwaka, bei yake ni ya kuelewana. Wingu likitanda, bei inapanda. Matone yakianza hasemi tena, anakutazama tu usoni, anajua huna ujanja.

Basi ukienda kununua, nenda siku ya jua na uwe umezipima za kwako. Waipa zinauzwa kwa inchi, na kwenye magari mengi ya upande wa dereva ni ndefu kuliko ya upande wa abiria. Nimemwona mtu kanunua mbili zinazolingana, akawasha, zikagongana katikati ya kioo kama majogoo. Wenye Vitz za kuanzia 2010 wamepumzika, wao mbele wana moja tu. Na kama chuma chako bado kizima, fundi wa chini ya mwembe atakubadilishia mpira peke yake, ukaokoa hela ya chai.

Kitu kingine kinachochekesha ni hicho kijiti cha kuwashia. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na Mjapani kaweka kijiti cha waipa mkono wa kushoto wa usukani, cha indiketa mkono wa kulia. Mzungu kafanya kinyume. Kwa hiyo ukimwona mtu anakata kona kwenda Mwananyamala, jua kali, kioo kikavu, halafu waipa zinapiga fwaa fwaa, usidhani kachanganyikiwa. Jana alikuwa na BMW ya shemeji yake.

Kwenye kijiti hicho kuna herufi. INT ni ya manyunyu: inapangusa, inapumzika, inapangusa. LO ni ya mvua ya kawaida, HI ni ya ile mvua ya Aprili inayomwagwa kama kwa ndoo. Kwenye Toyota nyingi ukikivuta kuelekea kwako, maji yanaruka kioo kioshwe. Msiione INT ndogo. Mmarekani mmoja, Robert Kearns, ndiye aliyeisajili hataza yake miaka ya 1960, akayashtaki makampuni makubwa ya magari akidai yametumia akili yake bila kumlipa, na mwaka 1990 Ford wakakubali kutoa zaidi ya dola milioni 10 yaishe. Waipa yenyewe mama yake ni mwanamke, Mary Anderson wa Alabama, aliyepewa hataza mwaka 1903. Alikuwa New York siku ya baridi, akamwona dereva wa tramu hawezi kuona mbele mpaka afungue kioo, akajisemea hapana, hii haiwezekani. Hataza ikaisha muda, mama wa watu hakuambulia hata senti.

Huyo dereva wa tramu namwelewa sana, kwa sababu nimekaa naye kiti kimoja. Tofauti ni kwamba wa kwangu alikuwa anakwenda Mbagala Rangi Tatu.

Ilikuwa Alhamisi ya Aprili, saa kumi na mbili jioni, nikapandia Biafra pale Kinondoni. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, nikajiona nina bahati. Mvua ikaanza tulipokuwa tunateremka Mkwajuni. Dereva akawasha waipa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kiti kile kilikuwa wazi. Waipa ya upande wangu ilifanya kazi vizuri kabisa, kioo kikawa cheupe kama cha benki. Upande wake kulikuwa na mkono mtupu wa chuma, umefungwa kitambaa ili usikwaruze kioo, unakwenda na kurudi bila kupangusa kitu. Kwa kifupi, mimi abiria ndiye niliyekuwa naiona barabara.

"Suka, utaona kweli?" nikamuuliza.

"Sista, tulia. Njia hii naijua hata nikifumba macho."

Jibu hilo halikunipa raha. Akawa anaendesha kichwa kakiinamisha upande wangu, utadhani ananong'oneza siri. Pale bondeni maji yalishaanza kuvuka lami, na maji yakishafunika barabara hata waipa ya dhahabu haikuonyeshi shimo. Mwenye kukumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, hawezi kuidharau mvua ya mji huu. Tukavuka polepole nyuma ya lori, Magomeni, Kigogo.

Sasa ikaja balaa ya pili. Mvua ikiingia, kila mtu anafunga dirisha. Watu thelathini wamebanana, wanapumua, nguo zimelowa, na hewa yote hiyo ya moto ikigusa kioo kilichopozwa na mvua inageuka ukungu. Kioo kikawa cheupe kwa ndani, na waipa haifiki ndani. Dawa yake kwenye gari dogo ni rahisi: washa AC, elekeza upepo kwenye kioo, inakausha hewa dakika mbili tu, hata kama unasikia baridi. Daladala haina AC. Dawa yake ni kufungua madirisha kidogo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. "Konda, fungua hewa!" "Nani afungue? Unanilowesha bwana!" "Nenda kapande teksi!" Mama mmoja nyuma yangu akamaliza mjadala kwa kunyoosha mkono na ncha ya kanga yake, akafuta kioo mbele ya dereva. Tukafika Karume tukifutiwa na kanga.

Pale Karume dereva akashuka. Nikadhani anakwenda kununua waipa, maana duka lilikuwa hatua kumi tu. Wapi! Akanunua sigara moja, akaivunja, akaisugua tumbaku yake kwenye kioo upande wake. Huu ni ujanja wa madereva wa zamani, wengine wanatumia kiazi kibichi kilichokatwa, na si uongo: maji yanaacha kukaa matone matone, yanatandaza kioo kizima, unaona kidogo. Mzee mmoja dirishani akasikitika, "Sigara nzima hiyo!" Shida ni kwamba ujanja huo ni wa mchana na wa dakika chache. Usiku, taa za magari yanayokuja zikipiga kioo cha namna hiyo, ni mwanga mtupu, huoni mtu wala mti.

Na usiku ulikuwa unaingia. Tukapita Chang'ombe, tukaibukia Kilwa Road, na pale Mtongani watoto wa shule walikuwa wamejaa kando ya barabara. Mnajua hadithi yao. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda hataki kumbeba, kwa hiyo mtoto anasimama kwenye mvua tangu anatoka shule mpaka giza, mkoba kichwani, na gari likipunguza mwendo wote wanalivamia. Mmoja akashuka kwenye lami. Binti mdogo, shati jeupe, sketi ya bluu, kauinamisha uso kukwepa mvua. Nilimwona mimi. Dereva alikuwa haoni kitu ila mwanga wa Kosta iliyokuja mbele yake.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini, ila dereva alikanyaga breki, watu wa nyuma wakaja mbele, gari likateleza na kusimama. Yule mtoto akatutazama kupitia kioo changu safi, akarudi pembeni, akaendelea kungoja gari.

Ndani ya daladala kimya. Hata redio ilionekana inapiga taratibu. Mzee wa sigara ndiye aliyevunja ukimya. "Kijana, redio mpya unayo, spika nne unazo. Waipa huna?"

"Mzee, redio niliikuta. Na waipa si yangu, ni ya tajiri."

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo, ndugu zangu, na mimi nilikuwa na hasira lakini nikamsikiliza. Dereva analeta hesabu kwa tajiri kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachobaki ndiyo chakula chake na konda. Tajiri anasema vitu vidogo vidogo ni vya dereva, yeye anashughulika na injini na matairi. Dereva anasema gari si langu, leo naendesha, kesho kapewa deiwaka mwingine, kwa nini ninunue kitu nikiache? Waipa imeangukia katikati yao. Hivyo itanunuliwa siku trafiki akisema, "Hebu washa waipa," au itakapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama na stika inatakiwa. Anayemlipia kila mmoja wao ni yule binti wa sketi ya bluu.

Wenye magari madogo msijichekeshe, nyie hamna tajiri wa kumsingizia. Inua waipa zako Jumamosi moja kabla ya masika, pitisha kitambaa chenye maji kwenye mpira, uone weusi utakaotoka. Kioo nacho kina mafuta ya moshi wa malori, kioshe kwa sabuni ya vyombo, kisha kikaushe kwa gazeti (hili pia linafaa, ila lisome kwanza). Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye mchanga wa Mbagala, unakipiga msasa mwenyewe, na bei ya kioo cha mbele ukiisikia utakaa chini. Kwenye tangi la maji weka maji safi na matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni ya unga inaacha ukoko na kuziba vitundu. Vikiziba, chukua pini. Na zikigoma kabisa, usikimbilie kununua mota. Mwambie fundi aanze na fyuzi, ni kitu cha hela ndogo sana.

Hapo sijagusa wezi. Manzese na Tandika ukilaza gari nje unaweza kuamka ukakuta mikono mitupu. Vioo vya pembeni na taa watu wanachora namba ya gari, waipa utaichora wapi? Jirani yangu mmoja kila usiku anazichomoa, analala nazo chini ya kitanda. Mkewe alilalamika mwanzoni, siku hizi ndiye anayemkumbusha.

Tulifika Rangi Tatu saa mbili kasoro. Muuza waipa alikuwepo, kajikinga chini ya mwavuli wa muuza vocha. Dereva akamwita mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

"Nipe moja, ya upande huu."

"Braza, zinauzwa jozi."

"Upande ule nzima. Moja."

"Nikikukatia moja, hii nyingine nimuuzie nani?"

Mzee wa sigara akachomoa noti mfukoni kuongezea, na mimi nikafungua pochi. Tukiwa bado tunahesabu, mvua ikakata. Ghafla tu, kama mtu kafunga bomba. Dereva akatoa mkono dirishani, akaukinga, haukudondokewa na kitu. Akarudisha hela yake mfukoni.

"Kesho," akamwambia muuza waipa, akamwashia konda taa aanze kuita abiria wa kurudi mjini.

Mimi nilibaki pale kituoni na noti yangu mkononi. Muuza waipa akaniuliza, "Sista, una gari?" Nikamwambia sina.